Njia Iliyopita Jikoni Kwetu

Jumapili, mchana. Mvua ilianza alfajiri, sasa imebaki kudondoka tu kutoka kwenye mabati. Sikwenda kanisani. Mabega yananiuma, kucha zimejaa saruji, na moyoni nina kitu ambacho siwezi kukipa jina. Si huzuni, lakini furaha nayo naona ni neno kubwa mno.

Shajara, nimekutupa muda mrefu. Wasomaji wachache wa blogu hii wameniandikia kuuliza kama niko hai. Niko hai. Nilikuwa na jambo la kusema ila nililiona dogo, la aibu hata kulitaja. Lilihusu njia. Barabara hapana, njia ya miguu, ile iliyokuwa ikipita jikoni kwetu.

Naandika Kiswahili cha shule, kile ambacho walimu wetu kule Pweto, Kongo, walikiita Kiswahili bora. Lakini watu wakiongea nitawaacha waongee vyao.

Bon. Mtaa wetu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, kabla haujapimwa, haukuwa na mstari hata mmoja. Mtu alijenga akimtazama mtu. Nyumba zetu tatu zilitazamana, na katikati palibaki uwanja mdogo wa vumbi ambao hatukuwahi kuuliza ni wa nani. Tulipika hapo. Nyumba moja ni hii ninayopanga mimi na mama yangu. Ya pili ni ya Bana Chola, mwanamke Mzambia anayenunua chisense kwa wavuvi, anaanika vile visamaki vidogo mchangani na kuuza vikishakauka. Ya tatu ni ya Bashi Kunda, mzee aliyefanya kazi migodini huko Copperbelt, akastaafu, akarudi kwao kando ya ziwa akiwa mjane. Hapa mtu mzima haitwi jina lake. Bana Chola maana yake mama wa Chola, Bashi Kunda ni baba wa Kunda. Mimi ni Bana Gracia, na Wakongo wenzangu huniita Mama Gracia. Gracia mwenyewe yuko shule ya bweni Mansa.

Njia ilianzia ufukweni, pale mitumbwi inaposhushia, ikapita nyuma ya kantemba moja, kibanda cha sabuni na sukari, ikaingia uwanjani kwetu, ikapita kati ya jiko langu na jiko la Bana Chola, ikatokea sokoni. Asubuhi wanawake walipita na mabeseni kichwani, maji ya samaki yakiwachuruzika mashavuni. Ilikuwa lazima wasalimu. Huwezi kupita katikati ya sufuria za watu ukiwa kimya.

Mama yangu alikuwa na kiti chake hapo. Ni kiti cha kamba, kimezama katikati. Mama hajui Kibemba, na nadhani aliamua zamani kwamba hatakijua. Lakini wachuuzi wa samaki wanajua Kiswahili cha biashara, kwa sababu ya wateja kutoka ng'ambo, na hicho kilimtosha. Walimwita Kambo, bibi. Alikuwa akiwasimamisha mmoja mmoja, anatazama beseni, anasema samaki ni wadogo, anawatajia samaki wa Pweto, wanacheka, wanamwachia konzi moja ya chisense, wanaondoka. Hakuhitaji hao samaki. Alitaka wasimame.

Mimi nilijifunza Kibemba hapo hapo, nikikoroga bukari, ugali wetu. Kabla ya kuja mjini tulikaa kwenye makazi ya wakimbizi, ambako viwanja vimenyooka kama mishono ya mashini, kila familia na kipande chake, na nyumba ya jirani unaiona lakini sauti yake huisikii. Watu wa kule walikuwa wema. Ila niliondoka nikiwajua wale tu niliokuwa nao foleni ya bomba la maji. Hapa uwanjani, mwezi wa kwanza tu, nilikuwa tayari najua nani anaumwa mgongo na nani ameachika.

Na wao walinijua mimi. Hilo nalo lazima niliandike, maana nisipoliandika nitakuwa nimeisifia njia kuliko inavyostahili.

Walijua siku nilizopika bukari bila mboga. Walijua nikinunua kitambaa kipya, wakakadiria bei kwa sauti. Baba Gracia alipoacha kupiga simu kutoka Lubumbashi, mtaa ulishaelewa maana yake wakati mimi bado nasingizia mtandao. Mwanamke mmoja ambaye hata jina lake sikulijua alisimama mbele ya sufuria yangu, beseni kichwani, akanipa pole. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani ukuta.

Basi, walipokuja wapimaji, sikuwapinga.

Hakuna aliyewapinga, kwa kweli. Kiangazi kimoja kabla yake nyumba ya nyasi upande wa juu wa mtaa ilishika moto, na gari la maji lililotoka boma, kwenye ofisi za wilaya, lilikwama huko mbali kwa kukosa pa kupita. Tulizima kwa ndoo. Mwenye nyumba alipona, nyumba haikupona. Kwa hiyo mpimaji, kijana mpole mwenye kofia ya kitambaa, alipotueleza kwamba barabara zitanyooka, magari ya wagonjwa yataingia, mabomba ya maji yatafuata, tulimpigia makofi. Alikuwa anasema kweli. Bomba limekuja. Gari la wagonjwa limeshaingia.

Lakini barabara ilipita nyuma yetu.

Nyumba zetu zilikuwa zimezoea kutazama njia. Milango, majiko, madirisha, vyote vilielekea uwanjani. Nyuma tuliweka mabafu ya nyasi, vyoo, takataka za kuchoma. Barabara mpya ilikatwa huko huko nyuma, pana, nyeupe kwa changarawe, na mtaro mrefu kila upande. Ukisimama katikati yake unaona migongo ya nyumba tu, halafu kuta, halafu mageti ya mabati. Barabara nzuri sana, na hakuna mlango unaoitazama.

Vigingi vilipopigwa, uwanja wetu wa vumbi ulionekana uko ndani ya kiwanja cha Bashi Kunda. Haikuwa hila. Mstari ndio uliopita hivyo. Naye hakuchelewa, alileta tofali, na kabla mvua za mwaka jana hazijaisha ukuta ulikuwa umesimama, mrefu kuliko mtu, kutoka kona ya nyumba yangu hadi kona ya nyumba ya Bana Chola. Njia ikaishia ukutani. Wanawake wa mabeseni wakajaribu siku kadhaa, wakafika, wakagusa tofali, wakacheka, wakarudi. Baadaye wakaacha kuja.

Mimi nilinunua kufuli kwa ajili ya kigeti changu kidogo cha pembeni, upande wa barabara.

Nililala vizuri. Nataka hilo lijulikane. Nilipika ninachotaka, nikala nimekaa chini miguu nimenyoosha, nikalia siku niliyotaka kulia bila mtu kunipa pole. Kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka nilikuwa na mahali ambapo hakuna anayenitazama. Kazi yangu ya ushonaji ilikwenda haraka zaidi, maana hakukuwa na wa kunikatiza. Nilijiambia: hii ndiyo maana ya kuwa na nyumba.

Mama alihamishia kiti chake kwenye kivuli cha ukuta. Akawa anakaa anautazama.

Bana Chola alikuwa umbali wa kurushiana chumvi. Sasa, kufika kwake, lazima utoke kigetini, ufuate barabara mpaka mwisho wa bloku, upinde kulia, upite mbele ya shule, upinde tena, ushuke. Jua likiwa kali unafika umelowa jasho. Wiki za kwanza alikuja karibu kila jioni, na mimi nilikwenda. Halafu Jumamosi kwa Jumamosi. Halafu tukawa tunapigiana simu, sisi tuliokuwa tunaombana moto wa mkaa kwa kijiko. Hatukugombana hata kidogo. Tungegombana ningejua pa kuanzia kurekebisha.

Mama naye akaanza kula kidogo. Akaacha kuuliza habari za Pweto. Siku nyingine nilimkuta amelala kitini saa nne asubuhi, yeye ambaye alikuwa akituamsha wote. Nilimpeleka kliniki. Walimpima presha, wakampima malaria, wakasema ni umri. Nilikubali. Umri ni jibu zuri, halimlaumu mtu.

Mara moja tu alisema kitu. Nilikuwa namwekea bukari mbele, akasukuma sahani kidogo.

"Bantu beko wapi?" aliniuliza.

"Bantu gani, Mama?"

"Bale benye banapita."

Nikamwambia wanapita barabarani siku hizi. Akanitazama kama mtu anayedanganywa na mtoto wake na hana nguvu ya kubisha.

Alhamisi hii iliyopita nilikwenda kupeleka sare za kwaya upande wa Kashikishi. Niliporudi, kigeti kilikuwa wazi na kiti kitupu.

Sikushtuka mara moja. Niliangalia chooni, nikaangalia bafuni. Nikaita. Halafu nikatoka barabarani, na ndipo nilipoelewa. Kulia, changarawe na kuta. Kushoto, changarawe na kuta. Hakukuwa na mtu wa kuuliza. Zamani ningesema tu neno moja jikoni, "Mama", na kabla sijamaliza mtu angeniambia amemwona wapi, amevaa nini, na ametukana nani.

Nikaanza kubisha mageti. Geti la kwanza, kimya. La pili, sauti ya mwanamke kutoka ndani ikauliza kwa Kibemba, "Ninani?", nikasema mimi ni jirani, namtafuta mama yangu. Kimya. Nilisikia ndala zikirudi ndani ya nyumba. Geti la tatu alitoka kijana akasema ndiyo, amemwona mama mzee mwenye kitenge cha kijani akitembea polepole, lakini hakujua ni wa kwa nani. Akasema, "Nilifikiri ni wa huko mbele." Huko mbele nako nikabisha. Wakasema hawajui mama mzee yeyote anayekaa barabara hii.

Tumeishi hapa miaka. Mama yangu alijulikana na nusu ya wanawake wa ufukweni. Lakini alijulikana njiani. Barabarani hakuwahi kuwepo.

Nikakimbia kuzunguka bloku mpaka kwa Bana Chola. Alikuwa ufukweni nyuma ya nyumba yake, amepiga magoti, anageuza chisense zilizotandazwa mchangani, mzigo wa wiki nzima. Upande wa Chisenga mbingu ilikuwa tayari nyeusi, kisiwa hakionekani, na upepo umeanza kubeba mchanga. Kila mwanamke pale alikuwa anakusanya samaki wake mbio.

"Bana Chola, Kambo hayuko!"

Akainuka. Akatazama mbingu, akatazama samaki. Nilimwona akitazama. Halafu akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Twende," alisema.

"Na samaki?"

"Samaki ni samaki. Twende!"

Tulipiga kelele. Sijui nani alianza, mimi au yeye, lakini tulipita barabarani tukiita Kambo, Kambo, kama watu wanaotafuta ng'ombe. Bashi Kunda alitusikia kutoka ndani ya ukuta wake. Geti lake kubwa lilifunguka, akatoka na soksi miguuni, hakuvaa viatu, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akarudi ndani, akatoka na pikipiki yake, akaondoka kuelekea upande ambao sisi hatukuwa tumeufikiria, upande wa juu, mbali na ziwa.

Ni yeye aliyempata. Mama alikuwa ameteleza ndani ya mtaro mwisho kabisa wa barabara, ambako viwanja bado ni vichaka. Mguu ulikuwa umevimba kwenye kifundo, viganja vimechunika. Alikuwa ameketi mle ndani tangu jua likiwa kali. Magari yalipita, baiskeli zilipita, na mtaro ni mrefu, kichwa cha mwanamke mfupi hakitokezi. Bashi Kunda alitupigia simu, kisha akakaa naye mle mtaroni mpaka tulipofika na mvua ikaanza.

Nilipiga magoti kwenye ukingo. Sikujua nicheke au nimgombeze.

"Mama, ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwa Bana Chola."

"Kwa Bana Chola ni huku chini, Mama. Ulipanda juu kufanya nini?"

Alikuwa anatetemeka. Alinishika mkono kwa vile viganja vyake vyenye damu, akasema kwa hasira, si kwa huzuni, kwa hasira kabisa:

"Nitajua aje? Niliangalia, niliangalia. Manyumba yote inanipa mugongo!"

Bana Chola aligeuka upande, akajifuta uso kwa kitenge. Mvua ilikuwa imeshatulowesha wote, hungeweza kujua anafuta nini.

Gari la wagonjwa liliingia hadi pale, tena haraka. Naliandika hili kwa makusudi. Kwenye njia yetu ya zamani lisingeingia. Kliniki walisema hakuna mfupa uliovunjika, ni misuli. Wakamfunga bendeji, wakatupa dawa za maumivu.

Samaki wa Bana Chola walioza. Chisense zikipata mvua zikiwa nusu kavu hazina tena kazi, hata kuku wanazikataa. Hakuniambia. Niliziona mwenyewe Ijumaa asubuhi, nimezunguka bloku kwenda kumshukuru, lundo jeusi nyuma ya nyumba na nzi juu yake. Nilipofungua mdomo aliniinulia kiganja.

"Usianze," alisema.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Bashi Kunda. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimepanga maneno. Alinikaribisha uwanjani, kwenye uwanja wetu ule ule wa vumbi, ambao sasa una bustani ya rape, mboga ya majani, na vitunguu vilivyopangwa safi. Alinipa kigoda. Nikamwomba afungue mlango kwenye ukuta. Mlango mdogo tu, wa mtu mmoja, Kambo apite kwenda kwa Bana Chola na wanawake wapite asubuhi.

Anajua Kiswahili kiasi, alichokiokota migodini kwa Wakongo. Alipangusa magoti ya suruali.

"Bana Gracia, nitakusikitisha," alisema. "Hapana."

Nikamuuliza kwa nini. Nadhani nilipaza sauti.

"Nilikaa kwenye kota za mgodi tangu kijana. Chumba kwa chumba, ukuta ni kama karatasi. Nikikohoa, mutu wa pili anasema pole. Muke wangu alipogonjwa, bantu walijua mbele yangu. Alipokufa, walikuwa mulangoni mbele sijamufunika uso. Walikuwa bantu bazuri. Lakini sikupata hata saa moja ya kuwa peke yangu na yeye. Nilisema, nikirudi kwetu, nitajenga ukuta, nitakufa ndani yake."

Maneno yangu niliyoyapanga yaliniisha.

Kwa sababu nilimjua huyo mtu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya sufuria nikipewa pole na mgeni. Mimi ndiye niliyenunua kufuli. Nilikuja kwake nikiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyetufungia, na nikakuta tulitaka kitu kimoja, ila yeye alikuwa na tofali na mimi sikuwa nazo.

Tulikaa. Kuku mmoja alipita kwenye vitunguu, mzee akamfukuza kwa ndala. Nilipoinuka niage, aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Ile nyumba yenu, upande wa barabara, kwa nini haina mulango?"

Nikasema ni mgongo wa nyumba.

"Najua ni mugongo," alisema. "Ninauliza kwa nini."

Nyumba ilijengwa kabla ya barabara, ndiyo sababu. Lakini barabara imekuwepo zaidi ya mwaka, na sikuwahi kufikiria kwamba nyumba inaweza kugeuzwa. Nililala nikilalamika kwamba mtaa umetupa mgongo, na mgongo mmojawapo ulikuwa wangu.

Nilimpigia simu mwenye nyumba, anayeishi Chienge. Alicheka kwanza. Halafu akasema nifanye, mradi siku nikihama mlango ubaki.

Jana Jumamosi Bashi Kunda alikuja na nyundo, patasi na kipande cha chuma cha kubeba tofali za juu. Tulihamisha kitanda. Alivunja ukuta polepole, tofali kwa tofali, akizipanga pembeni bila kuzivunja, na mimi nilichanganya saruji. Mama alikaa ndani, mguu juu ya ndoo, kitambaa puani kwa vumbi, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Mwanga ulipopenya ukutani kwa mara ya kwanza, aliinua mkono mbele ya macho. Chumba hicho hakijawahi kuwa na jua la asubuhi. Niliona kwamba dari yangu ni chafu.

Bana Chola alifika tukiwa tunaweka fremu. Alikuwa amezunguka bloku. Alisimama kwenye changarawe mikono kiunoni, hakumsalimu Bashi Kunda.

"Kwa hiyo umekubali," aliniambia.

"Nimekubali nini?"

"Ukuta." Alielekeza kidole nyumbani kwangu, kisha nyuma ya nyumba, upande wa kwake. "Weye unapata mulango. Mulango wako unaangalia barabara. Na miye? Miye ningali nyuma."

Hakuwa amekosea. Nimekuwa nikilitafakari hilo tangu jana na bado sijaona alipokosea. Yeye ndiye aliyeacha samaki wake mvuani, na yeye ndiye ambaye mlango huu haumfikii. Nilitaka kumwambia kwamba nitakuja kwake kila siku, lakini tuliwahi kuahidiana hivyo, na barabara ikatushinda. Kwa hiyo sikuahidi kitu. Nilimwambia tu kwamba mbele ya mlango huu kuna nafasi ya kutosha kuweka meza, kati ya ukuta na mtaro, na watu wa sokoni wote siku hizi wanapita hapa. Nikasema mashini yangu ya kushonea nitaiweka mlangoni. Nikasema akitaka.

"Nitaona," alijibu. Akaenda zake.

Bashi Kunda hakuinua macho kwenye saruji yake. Lakini alipomaliza, alitazama ile nafasi ya kati ya ukuta na mtaro, akaipima kwa hatua, akasema kwamba akipata mbao atatengeneza kivuko kipana, siyo kile cha ubao mmoja, mtu mwenye beseni asianguke. Nilimuuliza kama haogopi kelele. Akasema kelele za mbele ya nyumba ya mtu mwingine hazimdhuru.

Leo, mvua ilipopungua, nilimsaidia Mama kutoka kwa mlango mpya. Nilimkalisha chini ya mabati, mguu kwenye kigoda. Barabara ilikuwa imeoshwa, mtaro unanguruma. Hakuna aliyepita. Alikaa, akatazama kuta za ng'ambo, na mimi nikajuta, nikasema moyoni nimebomoa nyumba ya watu bure.

Nikaingia ndani kuwasha moto. Nikiwa nimeinamia mkaa nilisikia geti likisuguana na changarawe. Kisha sauti ya mwanamke ikisalimu, "Mwapoleni, Kambo," na sauti ya Mama ikijibu kwa Kiswahili, kwa ukali wake wote wa zamani, "Weye ni nani?"

Nilitoka. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amesimama ng'ambo ya mtaro, sahani imefunikwa mkononi. Sikuwahi kumwona. Niliifahamu sauti tu. Ndiyo iliyouliza "Ninani?" siku ile, kisha ndala zikarudi ndani.

Aliona kwamba nimeijua. Hakuzungusha maneno.

"Nilikusikia Alhamisi," aliniambia kwa Kibemba. "Niko peke yangu na watoto. Niliogopa kufungua. Nimekaa na jambo hilo mpaka leo."

Ningeweza kumlaumu, na nusu yangu ilitaka. Lakini mimi pia nina kufuli. Nikamuuliza anaitwa nani. Anaitwa Bana Mutale. Ukuta wake uko mbele ya ukuta wangu, chumba anacholala na chumba ninacholala vinatenganishwa na barabara tu, na nilikuwa sijui kwamba ana watoto.

Nikasema kwa Kibemba, "Kalibu."

Alivuka kwa ubao, mkono mmoja umeshika sahani. Mama alifunua kitambaa kabla sahani haijatua. Mihogo ya kuchemsha. Akasema mihogo ya Pweto ni mikubwa zaidi, na mimi ilibidi nitafsiri, na Bana Mutale akacheka, akakaa chini kwenye kizingiti ambacho saruji yake haijakauka vizuri. Nimeiacha alama yake pale.

Sasa hivi nawasikia huko nje. Hawaelewani lugha, na wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja.

Bana Chola hajaja. Nimemtumia ujumbe, ameusoma, hajajibu. Labda kesho ataleta meza, labda hataleta. Mvua ikikata jioni nitazunguka bloku nimpelekee mihogo ikiwa bado ya moto. Nitafika imepoa, najua. Nitakwenda hivyo hivyo.

Nimejiuliza tangu Alhamisi kama nataka ile njia irudi. Sidhani. Kufuli sijalitupa, na usiku nitafunga mlango huu mpya kama wengine wanavyofunga yao. Lakini barabara hii ina mageti mengi, na mimi najua sauti moja tu kati ya hayo yote.

Kesho asubuhi, kabla ya kushona, nitabisha geti linalofuata. Safari hii hakuna aliyepotea.